Safari ndefu kwa baiskeli ya kuegemea: mwongozo kamili kwa waendeshaji wa Mombasa

Baiskeli ya kuegemea haifuti maumivu ya safari ndefu, huyahamisha. Kwenye baiskeli ya kawaida, mtu aliyetoka Mombasa hadi Kilifi, karibu kilomita 60, hushuka akijikanda viganja, shingo na pale alipokalia. Akiwa ameegemea mgongo na pedali ziko mbele yake, hayo humwondokea. Badala yake vidole vya miguu hufa ganzi, goti huchoma, na nyama za matako huuma ndani kwa ndani. Maumivu haya karibu yote yana bolti zake. Ukijua ni bolti ipi na uisogeze milimita ngapi, mwili hutulia. Usipojua utanunua sponji, halafu sponji nyingine nene zaidi, na shida ibaki palepale.

Kanuni ya kazi yote ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kidogo, kisha uendeshe angalau kilomita 20 kabla ya kugusa kingine. Anayesogeza kiti, pedali na usukani jioni moja hatajua kipi kilimponya wala kipi kilimuumiza.

Chombo chenyewe

Kuna za magurudumu mawili na za magurudumu matatu. Ya magurudumu mawili ni nyepesi na hupenya penye nafasi ndogo, lakini kasi ikishuka chini ya kilomita 6 au 7 kwa saa huanza kuyumba, na kwenye mlima hiyo ndiyo kasi utakayokuwa nayo. Ya magurudumu matatu, hasa yenye mawili mbele na moja nyuma, haianguki hata ukitambaa. Unaweza kungoja foleni ya Nyali bila kuteremsha mguu. Kasoro yake ni kwamba ni pana, ni ya chini, na huacha alama tatu barabarani. Shimo ulilolipitisha katikati ya magurudumu ya mbele litakutwa na la nyuma. Kwa anayetaka starehe ya masafa na hana haraka, sisi tungeshauri hii. Anayepita Kongowea kila siku kati ya tuktuk na mikokoteni atafaidika zaidi na ya magurudumu mawili.

Akitokea wa kukuambia kwamba hiki ni chombo cha wazee na wagonjwa, mpe habari za Mfaransa Francis Faure. Tarehe 7 Julai 1933, huko Paris, alienda kilomita 45.055 ndani ya saa moja akiwa ameegemea kwenye Vélocar, baiskeli ya kuegemea iliyobuniwa na Charles Mochet, mbali kuliko rekodi ya baiskeli ya kawaida iliyokuwapo. Mwaka uliofuata, 1934, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kikazitoa baiskeli za umbo hilo kwenye mashindano yake. Ndiyo maana huzioni kwenye televisheni.

Kabla ya kulipia, soma namba zilizochapwa ubavuni mwa tairi. Inchi 20 si moja. Yenye namba 406 ni ile ile ya baiskeli za watoto na BMX, na tairi na tyubu zake utazipata kwa wauza spea wa kawaida. Yenye 451 ni nyembamba, rimu yake ni kubwa kidogo, na tairi ya 406 haiingii. Ukipasuka tairi ya 451 ukiwa Vipingo, safari imekwisha. Gurudumu la nyuma la inchi 26 lenye namba 559 halina matatizo.

Kama huagizi kutoka nje, mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza zile baiskeli za kuzungusha kwa mikono za watu wenye ulemavu tayari wana sehemu kubwa ya ujuzi. Wape masharti matatu na usilegeze hata moja: bomba la mbele linaloshika pedali litoke na kuingia, mgongo wa kiti ubadilike mwinamo, na magurudumu mawili ya mbele yawe karibu sambamba kabisa. Pima umbali kati ya rimu hizo mbili kwa mbele na kwa nyuma, usawa wa ekseli, baiskeli ikiwa imekaliwa. Mbele pawe pafinyu kuliko nyuma kwa milimita 1 hadi 2, basi. Tofauti ya sentimita moja humaliza tairi kwa safari chache na huifanya baiskeli iwe nzito, wewe ukidhani ni upepo.

Kipimo cha mguu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Bomba la mbele likikaa vibaya, hakuna kiti kitakachokuokoa.

1. Vaa viatu utakavyosafiri navyo. Keti sakafuni, makalio na mgongo vikigusa ukuta, miguu imenyooka. Mwenzako apime kutoka ukutani hadi kwenye soli ya kisigino. Pima miguu yote miwili. Ikitofautiana, fuata mfupi. Andika kipimo hicho. Kitakusaidia pia ukitaka kununua baiskeli ya mtu mwingine, kujua kama bomba lake litakufikia.

2. Kaa kwenye baiskeli, ishikwe na mtu au iegemezwe ukutani. Ya magurudumu matatu ifungwe breki. Sukuma nyonga hadi nyuma kabisa, kwenye kona ambapo mgongo wa kiti unakutana na kikalio. Watu wengi hupima wakiwa wamejisogeza mbele sentimita 2 bila kujua, na kipimo chote kinaharibika.

3. Zungusha krenki, yaani mkono unaoshika pedali, hadi pedali iwe mbali kabisa na nyonga yako. Mahali hapo si chini kabisa kama kwenye baiskeli ya kawaida. Ni pale ambapo nyonga, mhimili wa pedali na krenki vinalala kwenye mstari mmoja.

4. Weka kisigino juu ya pedali. Mguu uwe umenyooka bila kubana goti na bila nyonga kuvutika. Kama goti limekunjika, legeza bolti za bomba na ulitoe nje. Kama unalazimika kuinyoosha nyonga, lirudishe ndani.

5. Sasa weka mbele ya unyayo kwenye pedali, kama utakavyoendesha. Goti likunjike kwa kiasi cha nyuzi 25 hadi 30. Rudisha pedali nyuma mizunguko kumi, mwenzako akiangalia kiuno kutoka mbele. Kiuno kikicheza kushoto na kulia, bomba liko mbali mno.

6. Kabla ya kukaza, hakikisha bomba halijajizungusha. Simama mbele ya baiskeli na ulinganishe mhimili wa pedali na ekseli ya gurudumu. Mhimili ukiinama upande, goti moja litauma na hutaelewa kwa nini. Paka grisi nyembamba ndani ya bomba, kwa sababu alumini ndani ya chuma karibu na bahari hushikana kama zege, kisha kaza bolti zote kwa zamu, kidogo kidogo.

7. Chora mstari kwa rangi ya kucha pale bomba linapoingia. Likiteleza njiani utaliona.

Baada ya hapo tazama cheni. Huipita mbele na kurudi, kwa hiyo ukitoa bomba sentimita 1, njia ya cheni huongezeka karibu sentimita 2. Pingili mbili za cheni, ya nje na ya ndani, ni milimita 25.4. Kwa hesabu hiyo, bomba likisogea sentimita 1.3, ongeza au punguza jozi moja. Pima kwa kuiweka cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma: kibadilisha gia kivutike lakini kisinyooke kabisa. Cheni fupi kwenye mchanganyiko huo hung'oa kibadilisha gia, na si nadra ikaondoka nacho pamoja na spoki kadhaa. Cheni ndefu kwenye mchanganyiko wa ndogo kwa ndogo hulegea na kugonga fremu. Hiyo ni kero tu.

Marekebisho ya baadaye yafanywe kwa milimita 5, na mwili wenyewe utakuelekeza. Goti likiuma mbele, chini ya kifuniko chake, bomba liko karibu mno au gia ni nzito. Likiuma nyuma, au mshipa wa juu ya kisigino ukivuta, bomba liko mbali. Maumivu ya upande wa nje au wa ndani wa goti mara nyingi hutokana na kiatu kilichofungwa kikiangalia upande usio wake, na bomba halihusiki.

Krenki fupi ni zawadi kwa goti. Za kawaida ni milimita 170; kwenye baiskeli ya kuegemea, 150 hadi 165 hupunguza mkunjo wa goti na pia huzuia kisigino kugonga gurudumu la mbele kwenye kona. Ukifupisha krenki kwa milimita 10, toa bomba nje kwa milimita 10.

Kiti

Mwinamo wa mgongo wa kiti pima kwa simu: weka programu ya pima maji, ilaze juu ya sehemu iliyonyooka ya mgongo, usome nyuzi kutoka usawa wa ardhi. Mwanafunzi aanzie nyuzi 45 au 50. Aliyezoea hushuka hadi 30 au 35, na wengine chini ya hapo. Kadiri kiti kinavyosimama, ndivyo uzito unavyoshukia matakoni. Kadiri kinavyolala, ndivyo unavyosambaa mgongoni, lakini shingo nayo huanza kudai chake.

Yale maumivu ya matako huwashangaza watu kwa sababu hayafanani na ya tandiko la kawaida. Ngozi haina kidonda. Inayouma ni misuli yenyewe: ndiyo inayosukuma pedali, na papo hapo ndiyo iliyokaliwa, damu haipiti vizuri. Sponji nene haisaidii, wakati mwingine huzidisha, maana mwili huzama na shinikizo huenea hadi kwenye paja. Fuata mpangilio huu. Laza mgongo wa kiti nyuzi 3. Usipopata nafuu, inua ukingo wa mbele wa kikalio kidogo, ili mwili usiteleze mbele na kukulazimisha kujisukuma nyuma kwa miguu kila mara. Ukishindwa tena, angalia kama ukingo huo sasa unakata chini ya paja. Ukikata, umeuinua kupita kiasi. Na kila saa moja shuka, tembea dakika 3. Hiyo ya mwisho ni dawa ya bure na ndiyo inayopuuzwa.

Kila ukibadilisha mwinamo, nyonga nayo husogea. Rudia hatua ya 2 hadi ya 5 za kipimo cha mguu. Ndiyo, inachosha.

Kuhusu kitambaa, kwa hali ya hewa ya Pwani viti vya wavu vinashinda. Ganda gumu la faiba lenye sponji hushika umbo vizuri na mlimani hukupa kitu kigumu cha kusukumia, lakini mgongo wako utakuwa umelowa kabla ya kufika Bamburi. Kama unalo ganda gumu, vua ile sponji. Nunua mkeka wa mlangoni wa plastiki wenye nyuzi zilizojikunja-kunja, ule usio na mpira chini, ukate kwa umbo la kiti na uufunge kwa mikanda. Hewa hupita, jasho halikai, na unaoshwa kwa maji ya bomba. Sponji ya godoro isifikiriwe kabisa: hunyonya jasho na wiki ya pili inanuka.

Wavu nao una siri yake, ambayo ni kukazwa. Ukilegea, mwili hushuka hadi kwenye bomba la chini ya kiti na utaamka na alama. Kaa, kisha mtu apitishe mkono chini yako. Zibaki sentimita 3 angalau kati ya wavu na chuma. Mikanda ya kiunoni ikazwe kidogo kuliko ya mabegani na matakoni kama kiuno chako kina mkunjo mdogo, na zaidi kama una mkunjo mkubwa. Nailoni huchoshwa na jua, kwa hiyo baiskeli isiachwe uani mchana kutwa.

Ganzi ya vidole

Miguu ikiwa imeinuliwa usawa wa nyonga au juu yake, damu hupanda kwa taabu, nawe unaibana zaidi kwa kiatu. Joto likiuvimbisha mguu, kiatu kilichokutosha asubuhi kinakuwa pingu saa nne. Nunua kiatu kikubwa kwa nusu namba, soli iwe ngumu, na ufunge kamba za mbele zikiwa legevu. Kama unatumia viatu vyenye kliti, kile kipande cha chini ya soli kinachonasa kwenye pedali, sukuma kliti nyuma kabisa kuelekea katikati ya unyayo, mpaka mwisho wa tundu lake. Kwenye baiskeli hii hutahitaji nguvu ya kifundo, kwa hiyo hupotezi kitu. Ukiirudisha kliti nyuma, bomba nalo liingize ndani kidogo. Ganzi ikija njiani, punguza gia, piga pedali haraka na kwa wepesi, vuta kidogo badala ya kusukuma, cheza vidole ndani ya kiatu. Ikikataa, simama.

Sasa onyo ambalo si la starehe. Kwenye baiskeli ya magurudumu matatu usiendeshe kamwe ukiwa na malapa au viatu visivyoshikiliwa na pedali. Mguu ukiteleza hugusa barabara, fremu hupita juu yake ukiwa bado umekaa, na mfupa huvunjika. Kama huna kliti, funga mkanda wa begi nyuma ya pedali uwe kitanzi cha kushika kisigino, na mwingine juu ya vidole.

Gia na magoti

Kwenye baiskeli ya kawaida mlima ukikushinda husimama juu ya pedali ukatumia uzito wa mwili. Hapa huwezi. Una mgongo wa kiti na nguvu za mapaja tu, na ule mgongo ni hatari kwa sababu hukuruhusu kusukuma kwa nguvu kuliko goti linavyostahimili. Anayepanda kwa gia nzito, mizunguko 50 kwa dakika, atakuwa na goti bovu ndani ya mwezi. Lenga mizunguko 80 hadi 90 kwenye tambarare na usishuke chini ya 70 mlimani.

Kwa hiyo unahitaji gia nyepesi sana. Hesabu yake: gawanya meno ya sproketi ya mbele kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa tairi la nyuma. Ukiwa na 30 mbele, 34 nyuma na tairi la inchi 26 lenye mzingo wa karibu mita 2.07, kila mzunguko wa pedali hukupeleka mita 1.83. Kwa mizunguko 80 ni karibu kilomita 8.8 kwa saa. Ukibadilisha ya mbele kuwa 24, unapata mita 1.46, yaani kilomita 7 kwa saa kwa mizunguko ile ile, ambayo baiskeli ya magurudumu matatu huipanda bila shida. Kwenda Malindi huhitaji hiyo 24. Njia ya ufukweni ina mawimbi tu ya ardhi. Ukitoka Mazeras kuelekea Kaloleni utaishukuru.

Misuli yenyewe ni habari nyingine. Aliyeendesha baiskeli ya kawaida kwa miaka kumi ataona ameachwa na watoto wiki za mwanzo, kwa sababu kazi imehamia kwenye sehemu za paja na matako ambazo hazijazoea kufanya kazi katika pembe hii. Mpe mwili wiki 4 hadi 8. Anza na kilomita 15 mara tatu kwa wiki, ongeza safari ndefu ya wiki kwa kilomita 10 hivi kila mara, na wiki moja kati ya nne irudi chini. Ukitoka Nyali ukaenda Shanzu na kurudi umepata safari nzuri ya kuanzia. Mtwapa, Kikambala na Vipingo huja kwa zamu.

Shingo, mikono, na kuondoka

Kiti kikiwa chini ya nyuzi 40 weka kishikio cha shingo. Kiguse chini ya kisogo pale tu unapolegeza kichwa, kisikisukume mbele. Kwenye lami mbovu inua kichwa, la sivyo mtikisiko wote utaingia menoni. Kofia ya usalama yenye ncha nyuma itagombana na kishikio hicho. Chagua ya mviringo.

Viganja havina kazi ya kubeba. Ukijikuta unavuta usukani, ama uko mbali nao ama unaogopa. Viwiko vikunjike na viguse mbavu.

Kujifunza ya magurudumu mawili, tafuta uwanja mtupu, kama Tononoka asubuhi mapema. Gia nyepesi, pedali moja iwe karibu na juu, kidogo upande wako, mgongo umeegemea kabisa, macho mbali. Sukuma mara moja kwa uhakika na unyanyue mguu wa pili bila kuutazama. Wanaoanguka ni wale wanaoinuka mgongo kuchungulia. Na kabla ya kusimama popote, shusha gia kwanza. Kuondoka na gia nzito ukiwa umelala ni karibu muhali.

Joto, jua na maji

Hata kiti kikiwa kimekaa sawa, Mombasa ina silaha yake. Februari na Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, unyevu ukiwa mwingi kiasi kwamba jasho halikauki, linatiririka tu. Toka baada ya sala ya alfajiri na uwe umemaliza sehemu kubwa ya safari saa nne.

Mwendeshaji wa kawaida huchomwa mgongo. Wewe umelielekea jua, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba saa sita mchana linapita utosini kabisa. Sehemu zinazosahaulika ni chini ya kidevu, juu ya mapaja, mifupa ya miundi na migongo ya mikono. Mikono mirefu myepesi ya rangi nyeupe na soksi ndefu hushinda mafuta ya jua, ambayo huoshwa na jasho kila saa. Kofia iwe na ukingo. Shela, buibui au kikoi kisicho na mahali pa kushikizwa hakifai karibu na cheni na magurudumu ya mbele. Suruali pana iliyobanwa kifundoni na mtandio uliobanwa kwa pini hufanya kazi hiyo kwa stara na kwa usalama.

Maji kunywa nusu lita hadi robo tatu kwa saa, na kwenye kaskazi kali hadi lita nzima. Mfuko wa maji wenye mrija, ukining'inia nyuma ya kiti, ni bora kuliko chupa kwa sababu kuinama kuitafuta chupa humyumbisha mtu. Maji matupu kwa saa nyingi si mazuri. Changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Madafu ni matamu na yana potasiamu, ila sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo yafuatishe na mhogo wa chumvi na ndimu.

Chakula kiwe kidogo kidogo: tende 5 au 6 kwa saa, kashata, ndizi. Mahamri kwa mbaazi ni kiamsha kinywa kizuri kwa anayekwenda kazini. Kwa anayekwenda kulala chali kwa saa tatu huku akipiga pedali, ni kiungulia hadi Kikambala. Subiri saa moja na nusu, au kula ukifika.

Njia na upepo

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi kutoka Aprili hadi Septemba au Oktoba, na yote mawili huzidi nguvu mchana. Panga ipasavyo. Wakati wa kaskazi, safari ya kwenda na kurudi ianze kaskazini, Mtwapa au Kilifi, ukikata upepo ungali mwepesi asubuhi, ili ukurudishe nyumbani ukiwa umechoka. Wakati wa kusi, vuka Likoni uende Ukunda kwanza. Anayetaka Malindi kwa siku moja, karibu kilomita 120, bila kurudi, angoje kusi.

Kwenye feri shuka usukume. Njia ya kuingilia ina mteremko, huwa na maji na utelezi, na katika msongamano wa watu chombo kifupi hakionekani. Barabara ya malori ya Miritini hadi Mariakani haifai kwa baiskeli ya chini, hata mchana.

Kuonekana ni sehemu ya starehe, maana anayeogopa hukaza mabega. Bendera ya kitambaa cha rangi ya chungwa kwenye fimbo ifike mita 1.5 au zaidi kutoka ardhini. Taa nyekundu nyuma iwake mchana. Kioo cha kulia ni lazima, kwa kuwa tunaendesha kushoto na magari yatakupitia kulia. Cha kushoto ni kwa ajili ya bodaboda, ambao watakupita popote.

Kwenye matuta huwezi kunyanyuka kitini, kwa hiyo uti wa mgongo hupokea kila kitu. Punguza mwendo, yakabili moja kwa moja, na acha kupiga pedali. Tairi pana hufanya nusu ya kazi: upana wa milimita 40 hadi 47, kwa mtu wa kilo 75, ujazwe paundi 40 hadi 55, usizidishe kilichoandikwa ubavuni. Wengi hujaza hadi mwisho wakidhani ni wepesi, kisha wanalaumu kiti.

Chumvi, na mfuko wa vifaa

Hewa ya bahari hula cheni na nyaya za breki. Ukirudi, futa kwa maji baridi na kitambaa, kausha, kisha mafuta mepesi, tone moja kwa kila pingili, na ufute yaliyobaki nje. Oili ya injini hukusanya mchanga. Makapi yanayoongoza cheni chini ya kiti yachunguzwe kila mwezi. Kapi linalolia linakula nguvu zako.

Beba tyubu mbili, moja ya kila saizi, viraka na gundi, pampu, spana za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, kifungua cheni, na kipande cha cheni cha pingili 10 pamoja na viungo viwili vya haraka. Cheni ya baiskeli hii ni ndefu mara mbili na nusu hadi tatu ya ile ya kawaida, na wauza spea wengi huuza moja moja. Ukinunua, nunua tatu za aina moja na uziunganishe siku hiyo hiyo, kwa sababu cheni mpya iliyoungwa na kuukuu huruka meno kila ukisukuma.